Siku Mpishi Wangu Alipogeuka Baba Mdogo

Jumatano. Mvua imetishia kutwa nzima bila kunyesha, nguo zimenigandama mwilini kwa joto, na nina hasira ambayo sijui niitue wapi. Naitua hapa.

Leo nimekwenda kulipa kodi kwa hiari yangu, nikafukuzwa.

Nieleze vizuri, maana hata mimi nikijisikiliza naona kama natunga. Tangu wiki iliyopita mkaguzi wa kazi anapita mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani ameajiri mtu, kama amemwandikisha, kama anamkata kodi ya mshahara na kumchangia pensheni. Kalemie nzima inajua jibu la swali hilo. Jibu ni: huyu ni ndugu yangu. Basi ghafla mtaa wetu umejaa wajomba na mashangazi. Mwanamke anayewafulia watu wa nyumba ya kona amekuwa dada yao. Mlinzi wa ng'ambo ya barabara, mzee kuliko mwenye nyumba, amekuwa mpwa. Mkaguzi anacheka, anakunywa maji aliyopewa, anaandika "familia", anakwenda zake.

Mimi nikasema sitaki uongo huo. Papa Mumba ananipikia tangu nilipoolewa. Alitoka Moba akiwa na nguvu zake, na leo anausogeza mchele karibu na pua ndipo aone mawe. Msimu uliopita alimwagikiwa na maji ya bugali mguuni, na hospitalini wakamwuliza kadi ya kazi. Hana. Siku atakaposhindwa kusimama jikoni atakula nini? Sheria ipo, nikasema, na angalau mara hii inamfaa mtu wa chini. Mume wangu, kabla ya kurudi Kongolo kwenye kazi yake ya reli, alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaomba chai.

Basi leo nimeomba ruhusa kwenye biro, ofisi ya bandari ninakopiga taipu, nikamchukua Papa Mumba, naye amevaa suruali yake ya misa. Tumekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Tulipofika kwenye gishe, kidirisha cha karani, akaanza na mshahara. Nikamwambia ukweli: namlipa nusu kwa noti, nusu kwa unga, mafuta, sabuni na samaki wakavu wa mikebuka, kwa sababu katika Zaire hii noti peke yake zinaoza kuliko samaki, na ni yeye mwenyewe aliyeomba iwe hivyo. Karani akasema unga nao ni mshahara, lazima ukatwe kodi. Na sabuni. Na sahani anayokula jikoni kwangu mchana. Nikamwuliza, hiyo sahani niihesabu kwa bei ya asubuhi au ya jioni? Hakupenda.

Hayo yote niliyameza. Nilikuwa tayari kulipia kodi hata kichwa cha samaki.

Ndipo karani akamgeukia Papa Mumba, maana mfanyakazi naye lazima aulizwe. "Sitwayen," akamwita, yaani raia, "huyu Mama njo nani kwako?"

Na Papa Mumba, mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata kuhusu chumvi, akavua kofia akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Mimi njo baba yake mudogo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, unamuleta baba yako mudogo juu tumuandike boyi wako wa kazi? Hauna haya?" Benchi zima likaguna. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana binti mbaya anayemkana baba yake mbele ya serikali. Mama mmoja aliyebeba kuku alinitazama kwa huruma, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Papa Mumba. Mwisho karani akatoa amri: turudi kesho, mimi niinue mkono mbele ya mkubwa wake niape kwamba mtu huyu si ndugu yangu kwa upande wowote, naye aape vilevile. Bila hivyo hakuna kadi.

Watu wote wa mtaa wamesema uongo na hakuna aliyeambiwa aape. Mimi niliyekwenda na ukweli ndiye ninayetakiwa kuapa!

Nilimfokea njia nzima mpaka sokoni. Yeye alitembea nyuma kidogo, kofia mkononi. Tulipofika nyumbani alivaa aproni yake akawasha makaa kama kawaida. Nilimfuata jikoni nikamwuliza tena, safari hii bila kelele, kwa nini amenifanyia vile.

"Mupishi wa Mama Feza," akasema, "walimuandika asubui. Mangaribi wakamufukuza. Ndugu, hawawezi kumufukuza."

Mama Feza ni jirani yetu wa mbele. Ni kweli, alimwandikisha mpishi wake, akaona kodi na michango anayopaswa kulipa kila mwezi, akamwondoa siku ileile. Sasa yule bwana anabeba magunia bandarini, nampita kila asubuhi nikienda kazini. Kumbe jikoni kwangu kulikuwa na mtu anayehesabu siku zake, na mimi namsukuma kwenye gishe kwa furaha kama ninampeleka harusini.

Nikamwambia hafukuzwi. Nikamweleza kiapo cha kesho. Alisikiliza, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya vyombo, halafu akauliza, "Utaapa kusema mimi si kitu kwako?"

Nikasema ndiyo. Nikasema hapana. Nikasema ni kwenye gishe tu, ni mambo ya serikali. Maneno gani hayo? Mtu aliyewabeba watoto wangu wote mgongoni wakiwa na homa, na wao hadi leo wanamwita babu bila kufundishwa na karani yeyote. Nilitoka jikoni nikiwa nimeikasirikia serikali, Mama Feza, mkaguzi, Papa Mumba, na zaidi mdomo wangu.

Kabla ya giza nimerudi kuchukua maji. Sufuria zote zimeoshwa, zimefunikwa chini juu, sakafu imefagiwa mpaka kwenye pembe. Na msumari wa nyuma ya mlango ni mtupu.

Aproni yake hulala pale. Hata alipokwenda Moba kwenye matanga ya mama yake aliiacha pale, akasema nisiiguse, atarudi. Leo ameichukua.

Hakuniamini.

Kwa hiyo kesho sitamngoja kwenye benchi la serikali. Nitaamka mapema nipite kwake, tuje wote hapa kwanza, aitundike aproni kwenye msumari wake, watoto wakimwona. Ndipo twende. Nitainua mkono, nitaapa kwamba huyu si baba yangu mdogo, kwa sababu bila hivyo atazeeka bila kadi.

Ila nimejaribu kuyasema maneno hayo peke yangu hapa chumbani, nione yanavyotoka. Hayatoki.