Kuitwa kwa Jina la Marehemu

Jumatatu, 2 Machi

Nimehamia kwa shangazi. Baba kaniteremsha asubuhi, hata injini ya lori hakuizima. Akasema nimsikilize dada yake na nisome. Basi, huyo! Safari yake ni ndefu, mpaka nchi ya tatu, na huko simu hushika ikijisikia.

Nyumba safi mpaka unaogopa kukanyaga. Chumba cha mbele ni cherehani ya shangazi na vitambaa. Barazani ni meza ya mumewe, fundi saa. Namwita Mjomba, kwa heshima tu. Mpole, anaongea kama maneno yanauzwa.

Nimepewa chumba cha binamu yangu. Tulikuwa rika moja. Kifua kilimwondoa mwaka juzi. Nguo zake bado zimetundikwa. Mswaki wake uko kwenye kikombe — umelowa!

Jumatano, 4 Machi

Shule mpya. Mwalimu wa fasihi anaitwa Miwani. Ukimwona huulizi kwa nini. Riwaya ya muhula huu: binti wa miaka kumi na minne, kijiji chao kimechomwa, ndugu zake wote wamekufa, na yeye kachukuliwa na walewale waliochoma. Anaishi nao. Mwishoni anatoka mzima. Swali la insha: nini kinamfanya binti huyu kuwa manusura?

Jirani yangu wa dawati, Chiriku, akaropoka kwamba ni bahati tu. Darasa likacheka. Mwalimu akasema bahati ilimwokoa siku ya kwanza. Je, siku zilizofuata?

Mimi nikasema ushujaa. Mwalimu: "Nionyeshe ukurasa alipokuwa shujaa."

Sikuuona. Binti mwenyewe anatii, anafagia, anacheka wakicheka. Ananiudhi kidogo.

Ijumaa, 6 Machi

Nilikuwa jikoni, mapovu mpaka viwikoni. Shangazi akaita — kwa jina la binamu. Mdomo ukatangulia akili: "Abee!"

Nimefika, nikamkuta ameganda na mkasi hewani. Halafu akatabasamu. Tabasamu hilo sijawahi kuliona kwake, hata kwenye picha za harusi. Nikajiambia ulimi hauna mfupa, kateleza.

Hakuteleza. Mpaka jioni alikuwa haniiti vingine.

Jumapili, 8 Machi

Gauni jipya! Lakini hakunipima. Linabana mabegani, fupi kwa chini. Shangazi akanizungusha, pini mdomoni, akasema nimerefuka huko nilikokuwa.

"Wapi, shangazi?"

Akatema pini moja moja kiganjani. 

Mama mmoja alikuja kuchukua sketi yake. Shangazi akanivuta mbele: "Si unamwona binti yangu? Amerudi." Yule mama alinitazama, akamtazama shangazi, akaikwapua sketi na kuondoka bila hata kuijaribu. Getini akageuka tena kunitazama miguu. Kama vile anahakikisha ninayo!

Nikamfuata Mjomba barazani. Hakukitoa jichoni kile kioo chake cha kukuzia saa. "Mwitikie tu, mwanangu. Unapungukiwa nini? Itampita yenyewe."

Kweli, napungukiwa nini?

Jumanne, 10 Machi

Dawa ya kifua, kijiko kimejaa pomoni. Nikasema sina kikohozi. "Ndivyo ulivyosema na siku ile."

Nikameza. Tamu ya kuchukiza. Nikalala kama gogo, shule nikaikosa. Nilipoamka jua lilikuwa limejaa chumbani na shangazi ameketi ukingoni mwa kitanda, kiganja kifuani pangu, anafuatisha pumzi zangu kwa midomo bila sauti. Usoni hakuwa na ubaya wowote. Ndilo linalonitisha. Furaha tupu!

Alhamisi, 12 Machi

Nilidhani Mjomba ndiye ukuta wangu. Leo asubuhi kanisogezea kikombe cha chai na kuniita kwa lile jina. Hivihivi, kama mtu anayeomba sukari. Nikamkodolea macho. Akainamisha kichwa, akaendelea kunywa.

Shuleni nimemweleza Chiriku. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama nina pa kwenda. Baba hapatikani.

Nimejifungia bafuni, maji yakitiririka, nikalitamka jina langu. Lilisikika kama la mtu ninayemjua kwa mbali.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeisoma riwaya upya, na yule binti nimekosana naye bure. Hatii. Anavuta muda! Akifagia, anasikiliza nani kafungua mlango upi. Anakula wanachompa kwa sababu siku moja atahitaji miguu yenye nguvu. Na kila akibaki peke yake anajikumbusha mama yake alivyokuwa akimwita kutoka shambani. Ushujaa wake hauko kwenye ukurasa wowote kwa sababu hakuna aliyeuona. Mwalimu Miwani, mjanja wewe!

Leo dawa nimeiweka shavuni, nikatabasamu, nikaenda kuitema chooni. Shangazi akanipapasa kichwa. Mkono wake ni mkono wa baba kabisa, vidole vilevile. Bado nampenda. Hili ndilo nisilolielewa.

Jumatatu, 16 Machi

Mlango wangu umefungwa kwa nje. Eti upepo wa leo si mzuri kwa kifua. Simu yangu haipo mezani. Dirishani nondo, na nyuma ya nondo ukuta wa jirani.

Mchana nikaisikia ikilia chumba cha mbele. Ni baba! Shangazi akamwambia kwa upole kwamba mtoto mzima, kalala, anakusalimu. Nikapiga ukelele: "Baba!" Papo hapo cherehani ikaanza kukimbia, trrrr, ikameza kila kitu.

Chakula kimeletwa. Nimekimaliza chote.

Jumatano, 18 Machi

Naandika nimesimama, karatasi ukutani. Mwalimu Miwani yuko chumba cha mbele! Chiriku kamwambia. Ananiulizia — kwa jina langu.

Shangazi: "Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Yupo binti yangu tu, anaumwa."

Mwalimu: "Basi nimsalimie binti yako, mama. Nitamsubiri."

Leo cherehani haikimbii. Nimeupiga mlango kwa viganja, nikataja jina langu, la baba, la babu, yote kwa mkupuo, mpaka koo likawaka.

Kiti kimeanguka. Sauti ya Mjomba, nyembamba, siitambui: "Mfungulie, mke wangu. Inatosha."

Nyayo zinakuja. Kivuli cha miguu yake kiko chini ya mlango. Ufunguo umeingia.

Haujazunguka.

Nasikia pumzi zake upande wa pili, mdomo uko karibu kabisa na ubao. Ananiuliza polepole, kama mtu anayeulizia njia:

"Kama wewe ndiye huyo — wangu yuko wapi?"

Mjomba na Mwalimu wameniachia mimi nimwambie.