Bahati Nasibu ya Mtoto wa Loyce

Mpendwa Bi Fathiya,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana mume wangu nampenda na ndiye huyohuyo anayenikosesha raha. Naitwa Dorothea, naishi Guangzhou na mume wangu Kassian, yeye anauza vipuri vya pikipiki na mimi namalizia masomo, na kwenye kikundi chetu cha kusaidiana Watanzania wa huku yeye ni mwenyekiti na mimi katibu. Sasa mwenzetu Loyce, mwanafunzi, amejifungua kabla ya miezi kutimia, mtoto yuko hospitali kwenye mashine ya joto, baba wa mtoto yuko Mwanza anahangaikia viza, gharama zinapanda, basi Kassian akasimama kikaoni akasema tuchezeshe bahati nasibu kama wanavyofanya parokiani kwao Songea, watu wakapiga makofi, na Haroun, Mzanzibari anayekusanya mizigo ya watu kupeleka Dar, akasema, "Tiketi mie sizigusi, dini yangu hainiruhusu, lakini kwa ajili ya mtoto nakupeni CBM moja kwenye kontena langu, nyie fanyeni mnavyojua."

Bi Fathiya, mita moja ya ujazo bure mpaka Dar, nani huku asiyeitaka? Ikawa ndiyo zawadi ya kwanza, Kassian akaenda kwa laoban mmoja, yaani tajiri wa Kichina, mwenye mashine ya kuchapa, jioni hiyohiyo akarudi na tiketi zinazong'aa kuliko noti, zina jina lake na saini yake, akazipanga kitandani akawa anazitazama kwa furaha ambayo sijaiona kwake muda mrefu, maana sisi Mungu bado hajatujalia mtoto. Nikamuuliza, "Baba, na kibali je?" Akanionyesha kwenye simu kibali cha bahati nasibu ya parokia yao, kimetolewa huko nyumbani, akasema sisi ni kama tawi lao, halafu tunauziana wenyewe kwa wenyewe, Kiswahili kitupu, Mchina gani atajua.

Sikutulia. Nikaenda kimyakimya ofisi ya mtaa tunakoandikisha makazi, nikamweleza ofisa, akacheka akidhani namtania, kisha akatikisa mkono, "Bu xing, bu xing," yaani haiwezekani, kikundi kama chetu hakipewi kibali cha namna hiyo, akaniuliza kama tumeshaanza kuuza. Nikasema bado, na tulikuwa tumeshauza. Nikarudi nyumbani, Kassian akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilipita ofisini nikakuta pamefungwa, na tangu hapo naendelea kuuza tiketi, na Jumapili ndiyo siku ya kuchezesha. Nikisema, nimemwaibisha mbele ya watu waliompigia makofi na mtoto wa Loyce anakosa, nikinyamaza, naogopa kila simu inayolia. Nifanye nini, mama yangu?

Dorothea, Guangzhou

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza mfikishie Loyce pole yangu na hongera yangu, vyote viwili anavistahiki. Na huyo Kassian wako nimempenda kabla sijamwona. Wanaume wanaokimbilia kumsaidia mtoto asiye wao hawajajaa mitaani.

Haya, sasa kaa nikukaripie. Ulijua la kuuliza, ukenda mwenyewe kwa miguu yako, ukajibiwa, kisha ukarudi kumdanganya mumeo kuwa ofisi imefungwa! Unasema unamlinda. Humlindi hata kidogo, unamwacha atembee gizani nawe taa umeishika.

Nimemuuliza mtu ninayemwamini, aliyekaa China miaka mingi, naye kasema kama ofisa wako: bahati nasibu huko ni ya serikali, hata ukiiita sadaka, kikundi hakiruhusiwi kuuza tiketi. Kibali cha nyumbani kinakwisha nguvu nyumbani. Ukenda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Na hiyo hoja ya Kiswahili kitupu, mwambie Kassian kuwa Waswahili ndio wanaopiga domo kuliko wote.

Unaogopa aibu. Ukimwambia leo, ataaibika jikoni kwenu, mbele yako tu, na kesho atakula ubwabwa wake kama kawaida. Ukingoja Jumapili na tiketi zina jina lake, huenda ukamsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja, anarudishwa nyumbani. Hapo Loyce atakuwa kapata nini?

Mwambie kwa upole, maana nadhani hapo kuna jambo ambalo umeliandika ukalipita haraka. Mumeo hazing'ang'anii tiketi, anamng'ang'ania mtoto. Basi mwonyeshe kuwa mtoto hapotei. Haroun alishakupeni njia siku ileile, nyie hamkuisikia kwa makofi: katoa bila kununua chochote. Kila mtu arudishiwe pesa yake mkononi, yote, na tiketi zichanwe. Kisha anayetaka kumpa mzazi hongera, aende kwa Loyce mwenyewe ampe, jirani kwa jirani, kama tunavyofanya tangu enzi za bibi zetu, bila tiketi, bila tangazo mtandaoni. Wapo watakaochukua pesa yao waondoke kimya. Hao walikuwa wanaitaka CBM, usiwanunie. Nafasi ya kontena mrudishieni Haroun aamue mwenyewe.

Na atakayesema mbele ya kikundi awe Kassian, si wewe. Aliyeweza kusimama akapigiwa makofi ataweza kusimama akasema, "Ndugu zangu, nilikosea." Wewe kaa kiti cha karibu naye, na ukiri kuwa ofisini ulikuta pako wazi.

Barua hii ukishaisoma, iweke chini umwite mumeo. Siku Loyce atakapotoka hospitali kabeba mwanawe, nataka akukuteni nyote wawili mlangoni, na mwenyekiti awe na viza yake mfukoni.

Bi Fathiya