Logi ya Mfumo Uliostaafu

Jumatatu, 3 Machi

Diski ya seva imejaa tena! Nimekagua. Ni logi ya kanzidata ya zamani ya wagonjwa—lile faili linaloandika kila badiliko. Kanzidata yenyewe tuliistaafisha Novemba, hospitali nzima ikahamia mfumo mpya. Haiguswi na mtu. Sasa logi inanenepa kwa kula nini? Bosi anasema nifute yote, tusisumbuane. Nimemwomba hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Nilishuku ile programu ya kusafisha kanzidata, inayojiendesha kila alfajiri. Niliizima jana. Leo logi imeongezeka vilevile! Mume wangu kauliza nimegombana na nani. Na faili, nikamwambia. Akacheka peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimeisoma logi ndani. Maandishi ya watu! Majina, vitanda, dawa. Yote yanatoka kompyuta moja, wadi ya upasuaji ya wanawake.

Ni mimi. Desemba, muuguzi mkuu wa wadi ile—Dada Miwani—alilalamika herufi za mfumo mpya ni ndogo kama chawa. Mdogo wangu, akaniambia, nirudishie wa zamani, wiki moja tu nizoee. Nikamrudishia. Sikumwambia mtu ofisini kwetu. Nikasahau kabisa, jamani!

Miezi mitatu wauguzi wanauliza wagonjwa dawa zinazowadhuru, wanaandika kule. Daktari anafungua mfumo mpya, anakuta patupu. Anadhani mgonjwa hana shida.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimetoa orodha ya wenye dawa zinazowadhuru. Wagonjwa arobaini na mmoja. Wengi wameshatoka—walitokaje, naogopa kuuliza. Watatu wamo wadini. Nimempigia Dada Miwani. Kashangaa: si tuliambiwa mifumo yote miwili inasomana? Nani aliwaambia? Mimi huyuhuyu!

Wawili tumewawahi. Wa kitanda cha tisa keshapelekwa chumba cha upasuaji. Kule simu hawapokei. Nimekimbia mwenyewe.

Niko kwenye benchi mlangoni. Muuguzi ameingia na karatasi yangu: asipewe penisilini, inambana pumzi. Hajatoka. Bosi anapiga, sipokei. Naandika ili nisiukodolee macho mlango.

Mama mmoja kaketi pembeni yangu. Aliye ndani ni mdogo wake, wa kitanda cha tisa. Anasema hapa wako makini kweli, jana walimuuliza mpaka dawa zinazomdhuru, na kwa macho yake kawaona wakiandika kwenye kompyuta.

Nimeitikia tu, eh.