Shikamoo ya Nuruddin

Runzewe

Kaka Abdulshakur, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Mama hajambo, mvua zimeanza, na kibanda chetu cha gemu kinapata wateja.

Ulinikataza kununua ile gemu yetu ya ngumi iliyotengenezwa upya. Ulisema wanaorudia ya zamani wameishiwa mawazo, wanaiharibia jina. Nimeinunua. Mengine ulisema kweli: muziki hauna ladha, na yule bondia mwenye kipara wamempa nywele. Wachimbaji wa dhahabu wa rika lako wananung'unika kama wewe, ila kwenye viti hawabanduki.

Sasa Nuruddin. Tangu duara, lile shimo la dhahabu, limporomokee akakatwa mkono wa kulia, mdogo wetu hakutaka hata kupita kibandani. Gemu ya zamani ilitaka mikono miwili. Hii mpya inakubali batani zote zihamishiwe upande mmoja wa pedi ya kuchezea. Nikamhamishia kushoto, nikamwomba ajaribu.

Jana alinipiga raundi zote. Unaijua sheria ya marehemu Baba: aliyeshindwa humwamkia mshindi, hata kama ni mdogo wake. Nikasimama mbele ya wachimbaji, nikasema, "Shikamoo, Nuruddin."

Akaitikia taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?" Kibanda kizima kikacheka, na yeye akacheka.

Ukija Idi, uje na shikamoo yako.

Mdogo wako,
Zuwena