Nduma Zako, Nyanya, Usizing'oe

Nyanya mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Zile nduma za kuchemsha ulizokuwa ukinifungia niende nazo shule, nilizitafuna nikijificha nyuma ya maktaba ili wenzangu wasinicheke. Hata Desemba nilipokwambia uzing'oe upande maua, ilikuwa aibu ile ile.

Sasa sikia. Juzi Shangazi alinipeleka Bertrams, mtaa mmoja wa huku mjini kwake, kwenye ukumbi ambapo familia moja ya Hawaii inafundisha kupiga chapa vitambaa. Baba anachonga mianzi, mama na binti wanaichovya rangini. Walipoinua kitambaa cha kwanza nikaona jani, na mimi huyu nisiyesalimia hata wageni nikapayuka, "Haki, si hiyo ni nduma!"

"Eish, hayo ni madumbe!" akanirekebisha mama mmoja Mzulu.

Yule mama wa Hawaii akacheka. "Kwetu ni kalo, na tunamwita kaka yetu mkubwa. Majirani huja kwanza kumpalilia topeni, ndipo tumchore." Akaniuliza kwetu zinalimwa na nani.

"Nyanya yangu," nikasema, na sikunong'ona.

"Basi mpelekee," akasema, akanikunjia kitambaa kile.

Nyanya, kama bado zipo, usiziguse. Nikirudi nitaingia topeni mwenyewe, bila viatu. Kadi hii naiposti kesho ikuwahi. Jifunike vizuri huko; huku niliko baridi inang'ata hata kukiwa na jua.

Nasikia slipa za Shangazi zikija mlangoni. Akisoma hii atanitania hadi Krismasi! Acha niifiche ndani ya kitambaa chako.