Leo Napanda Mnarani

Wanangu, pamoja na baba yenu,

Wali wa mchana uko kwenye sufuria, mchuzi upasheni moto. Kitindamimba anywe dawa ya kikohozi akishakula. Mvua ikitanda, anueni nguo.

Asubuhi rafiki yangu alipopita hapa nyumbani aliuliza kule juu ya mnara wa saa kuna nini. Kabla sijajibu mkaangua kicheko: "Mama anajua njia ya hospitali tu." Baba yenu alicheka kuliko wote. Nami nikacheka, lakini iliniuma, kwa sababu ni kweli. Miaka yote nafua mashuka ya wagonjwa, natoka kazini naingia jikoni, na mji huu naupita kama mgeni. Mlidhani sina macho?

Basi leo nikitoka zamu, rafiki yangu atanisubiri getini. Tutapanda mnara mpaka juu, kisha tutazurura hadi miguu igome.

~~Nitarudi mapema nipike.~~ Cha jioni pikeni wenyewe, na asinipigie mtu simu kuuliza chumvi iko wapi.

Kesho naingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi tutazunguka soko kuu. Anayetaka kuja avae viatu vya kutembelea, na asituambie amechoka.

Mama yenu