Chui Aliyeitikia Salamu

Ijumaa, Juni 2010. Gitega ni vumbi tupu la kiangazi.

Mwezi huu wa Kombe la Dunia navaa vazi la yule chui wa mashindano ya Afrika Kusini, mwenye nywele za kijani, nacheza mbele ya duka la televisheni hapa Magarama ili wateja waingie. Patroni wangu, mwenye duka, Mkongomani wa Uvira, ana sharti moja tu: "Chui haisemake. Ukisema, unarudi kwenu."

Si kazi ya aibu. Lakini baba yake Zaituni, msichana ninayetaka kumwoa, hajaijua bado, na Jumapili wazee wangu wananipeleka kwake Muyinga kuposa. Mimi na mzee huyo tumeongea kwa simu tu, uso wangu hajauona. Kijana mmoja wa Giteranyi alishakataliwa pale kwa sababu alicheka katikati ya salamu. Mzee alisema binti yake hapewi mtu wa mchezo.

Na mimi leo nilikuwa nakata kiuno barabarani, na mkia juu.

Nilikuwa nimeswali Ijumaa nikarudi mbio kuvaa, ndipo nikamwona mzee mwenyewe anakuja. Zile ndevu za hina nazijua kutoka kwenye picha ya Zaituni. Kumbe ana dada yake huku, amekuja kumjulia hali. Anapita duka kwa duka anasalimia kila mtu. Nikaomba aniruke. Nani anasalimia chui?

Yeye.

Akanishika mkono wa manyoya. "Asalaam alaykum."

Kutoa salamu ni sunna, kuijibu ni faradhi. Hilo nililijua madrasa kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Patroni alikuwa mlangoni, ananikodolea macho. Mzee haachii mkono. Ndani ya kile kichwa cha chui niliogopa kweli kweli.

"Waalaykum salaam, mzee."

Akatega sikio. "Hii sauti mi naijua. We ni mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba yangu. Mzee akaniachia, akaenda zake. Patroni naye akarudi ndani; sijui kama kesho bado nina kazi.

Jioni hii Zaituni ameandika: baba amefika, amekula, ameuliza tu kama wageni wa Jumapili watakuja kweli. Sijui ameuliza kwa hamu au kwa hasira. Hata Zaituni hajui.

Nimepiga pasi kanzu. Nimeipiga tena. Naogopa.

Ila mzee akinisalimia Jumapili, nitaitikia kwa sauti ileile. Sina nyingine.